Nabeba magunia tangu alfajiri, kisha naambiwa nifanye mazoezi

Mama Mshauri,

Nakusalimu kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Mimi ni mama wa watoto watano, nina umri wa miaka 47, na kwa miaka 19 sasa nauza mukene sokoni, wale samaki wadogo wakavu ambao jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka huwaita omena. Naamka saa kumi alfajiri. Ikifika saa kumi na moja niko mahali malori yanaposhusha mzigo, na kutoka hapo hadi kibandani kwangu nabeba gunia kichwani juu ya ngata, mara mbili au tatu, kisha nasimama mpaka saa moja jioni nikipima, nikimwaga, nikiinama na kuinuka. Nikirudi nyumbani kuna maji ya kuchota na kuna jiko. Jumapili tukitoka kanisani kuna shamba la mihogo la mama mkwe.

Mwezi uliopita nilikwenda kituo cha afya kwa sababu ya maumivu ya kisogoni yasiyoisha. Nilipimwa presha ikaonekana ni 152 kwa 96. Mhudumu akaniuliza kama nalala vizuri. Nikamwambia ukweli, kwamba naamka usiku wa manane na kuanza kuhesabu madeni yaliyo kwenye daftari langu, kwamba moyo wangu ni mzito tangu mwaka jana, na kwamba hata nyimbo za kanisani naziimba kwa mdomo tu. Akaandika kidogo, akanitazama, akasema, "Mama, ufanye mazoezi." Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Sikujibu kitu, lakini nilirudi nikilia njiani. Mazoezi gani tena? Mtu anayebeba gunia kila siku ya Mungu aambiwe kwamba hajishughulishi?

Binti yangu anayesoma chuo Kampala alinipigia simu akanisomea kwamba watafiti wamegundua mazoezi yanatibu huzuni sawa na dawa, kisha akanitumia video za wasichana wanaoruka-ruka sebuleni. Baba yao aliposikia alisema mazoezi ni ya watu wasio na kazi, na kwamba mwanamke wa umri wangu akionekana anakimbia barabarani ataitia nyumba aibu. Mimi niko katikati yao, sijui nimsikilize nani.

Kuna jambo jingine ambalo sijui kwa nini nalitaja. Nilipokuwa shuleni nilicheza netiboli, nikiwa mfungaji, na niliacha nilipopata mimba ya kwanza. Siku hizi nikipita jioni karibu na uwanja wa shule ya msingi nikawakuta wasichana wanacheza, nasimama na beseni langu kichwani hadi nitambue kwamba giza linaingia.

Swali langu ni hili. Je, kazi yangu si mazoezi? Na kama si mazoezi, nitayafanya saa ngapi? Huo utafiti ni wa watu wote, au ni wa watu wa ofisini peke yao?

Mama wa Watano, Busia


Dada yangu Mama wa Watano,

Naanza na lile lililokuliza. Aliyekwambia ufanye mazoezi hakukudanganya, ila alikupa nusu ya neno, na ile nusu iliyobaki ndiyo uliyokuwa unaihitaji. Laiti angepata dakika mbili za kukuuliza siku yako inavyopita, angefahamu kwamba shida yako haitokani na uvivu wa mwili. Inatokana na mwili usiopata nafasi ya kupumzika na moyo usiopata pa kutulia. Hayo ni mambo mawili tofauti na uvivu, na utafiti unayazungumzia yote mawili.

Kwanza ujue kwamba hisabu iko upande wako. Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walichapisha kazi kubwa iliyokusanya takwimu za nchi 168 na watu milioni 1.9, wakitaka kujua ni watu wangapi katika kila nchi wasioushughulisha mwili kwa kiwango kinachotakiwa. Duniani kote walikuwa asilimia 27.5. Uganda walikuwa asilimia 5.5 tu, kiwango cha chini kuliko nchi zote zilizohesabiwa. Sababu yake ni kwamba takwimu hizo zilihesabu kila aina ya kujishughulisha: jembe, jerikani la maji, safari ya mguu kwenda sokoni, na gunia kichwani. Shirika hilo hilo linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, na wewe kwa hesabu hiyo unazimaliza kabla Jumatatu haijaisha. Kwa hiyo akija tena mtu kukuambia hujishughulishi, mwambie kwamba dunia nzima imeshapimwa na akina mama wa Uganda hawakuonekana wamekaa.

Hata hivyo, uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwetu mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Nchi iliyohesabiwa kujishughulisha kuliko nyingine zote, na bado presha imetuingia hivyo. Presha ina sababu nyingi, chumvi ikiwamo, na kurithi, na umri. Lakini hapo ndipo swali lako linapopata uzito, kwa sababu ingekuwa kazi ya mwili peke yake inatosha kuulinda moyo, wewe na wenzako sokoni mngekuwa watu wa mwisho kupata presha.

Swali hili la kazi na moyo lina historia, nami napenda uijue kwa sababu inaanza na watu wa kazi kama wewe. Kuanzia mwaka 1949, daktari mmoja wa London aitwaye Jerry Morris aliwalinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili. Dereva alikaa kitini kutwa. Kondakta wa basi hilo hilo alipanda na kushuka ngazi mamia ya mara akikata tikiti. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953: makondakta walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, na ulipowapata haukuwa mkali kama wa madereva. Tangu hapo dunia iliamini kwamba kazi ya mwili ni kinga. Morris mwenyewe aliendelea kujishughulisha na aliishi hadi miaka 99.

Mume wako anaweza kuichukua habari hiyo na kusema, umeona, kazi inatosha. Lakini mtazame vizuri yule kondakta. Anapanda ngazi, anasimama, anazungumza na abiria, anashuka, anapumzika kidogo, anapanda tena. Mikono yake imeshika tikiti na chenji. Sasa jitazame wewe saa kumi na moja alfajiri. Mtu wa lori anakuinulia gunia, wewe umechuchumaa nusu, shingo imekakamaa, pumzi umeibana mpaka gunia likae sawa juu ya ngata. Ndipo unapiga hatua ya kwanza. Wakati ule pumzi imebanwa na misuli ya shingo, mabega na mgongo imekaza kwa pamoja, presha ndani ya mishipa inapanda ghafla. Ukiutua mzigo inashuka. Jambo hilo si baya likitokea kwa dakika chache na mwili ukapewa muda wa kutulia. Likitokea kila siku, kisha likafuatwa na saa 12 za kusimama, na usiku ukawa wa kuhesabu madeni badala ya kulala, moyo haupati ule muda wa kushusha pumzi.

Watafiti wa Denmark, akiwamo Andreas Holtermann, wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Katika kazi yao iliyotoka mwaka 2021, iliyowafuata watu zaidi ya 100,000 wa eneo la Copenhagen kwa takriban miaka 10, waliona kwamba watu waliojishughulisha sana wakati wao wa mapumziko walipata magonjwa ya moyo kidogo na walikufa mapema kwa uchache, ilhali waliojishughulisha sana kazini walikuwa na hatari zaidi. Wapo wanaopinga kwamba watu wenye kazi nzito mara nyingi ndio wenye kipato kidogo, wanaovuta sigara zaidi na kuchelewa kumwona daktari, na kwamba hatari hiyo inatokana na maisha magumu kuliko gunia lenyewe. Nami naona pingamizi hilo lina nguvu, ingawa watafiti hao walijitahidi kuyatenganisha mambo hayo katika hesabu zao. Kwako wewe, hata hivyo, gunia na maisha magumu vinalala nyumba moja, na jibu la vitendo ni lile lile: usiongeze uzito juu ya uzito. Asikudanganye mtu kwamba dawa ni kubeba zaidi au kuchota maji mara mbili.

Kwa hiyo, kazi yako ni mazoezi au si mazoezi? Kwa misuli na mifupa, ni mazoezi, tena mengi. Kwa moyo unaopiga, ina faida iliyochanganyika na madhara. Kwa moyo ule mwingine, ule usioimba kanisani, kazi yako haihesabiki kabisa, na hapa ndipo ninapotaka kukaa nawe kwa muda mrefu zaidi.

Binti yako hakukosea kukusomea alichosoma, mshukuru. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani waliwachukua watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, wakawagawa: wengine dawa, wengine mazoezi, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Habari ya "mazoezi sawa na dawa" ilienea kutoka hapo. Lakini wale wa mazoezi hawakuachwa peke yao sebuleni na video. Walikutana mara tatu kwa wiki, kwa kikundi, na msimamizi anayewajua kwa majina. Mwaka 2013 mapitio makubwa ya majaribio 39 yalithibitisha kwamba mazoezi hupunguza sonona kwa kiasi cha wastani, ila yalipochaguliwa majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu zaidi, faida hiyo ilikuwa ndogo. Mengine ya mwaka 2024, yaliyokusanya majaribio 218, yalionyesha kwamba kutembea, kukimbia polepole, yoga na kunyanyua uzito kwa mpangilio vyote vinasaidia. Kwa hiyo ni kweli kwamba mazoezi husaidia, na si kweli kwamba yanaufuta ugonjwa kama maji yanavyofuta chaki.

Sasa sikiliza hili. Mwaka 2017 watafiti waliokusanya tafiti nyingi waliuliza swali lako hasa: je, ni kila aina ya kujishughulisha inayoendana na afya njema ya akili? Waliona kwamba kujishughulisha kwa hiari, wakati wa mapumziko, kunaendana na akili iliyotulia, lakini kujishughulisha kwa kazi hakuendani hivyo, na hata kuliendana na hali mbaya zaidi. Mguu ni ule ule, jasho ni lile lile, ila mtu aliyechagua kutembea na mtu asiye na la kufanya ila kutembea hawarudi nyumbani na moyo mmoja.

Ulisema hujui kwa nini ulitaja netiboli. Mimi nadhani najua. Katika netiboli mpira hauruhusiwi kukaa mkononi zaidi ya sekunde tatu. Ndani ya sekunde hizo umtafute mwenzako aliye wazi, umrushie, usogee mahali pengine. Hakuna akili inayoweza kufanya hivyo huku ikihesabu madeni ya daftari. Hapo ndipo mapumziko ya kweli yalipo kwa mtu kama wewe, kwa sababu ukikaa kitini madeni yanakufuata pale pale kitini, lakini uwanjani kwa muda wa robo moja ya mchezo hayana mlango wa kuingilia. Halafu kuna jambo la kuitwa. Sokoni unaitwa bei gani, nyumbani unaitwa mama chakula. Uwanjani mtu anakuita kwa jina lako ili umpe mpira. Ulisimama na beseni kichwani mpaka giza likaingia, dada yangu. Mwili ulikuwa unajua unachokikosa kabla mhudumu yeyote hajakupima.

Naomba tu usikimbilie mashindano. Kuna utafiti uliofanyika hapa kwetu, Gulu, baada ya vita vya kaskazini, ambao kila anayesema "michezo ni tiba" angepaswa kuusoma. Vijana waliingizwa kwenye ligi ya mpira wa miguu ya ushindani kwa wiki 11, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba afya ya akili ya wavulana waliocheza haikuboreka; ukiwalinganisha na waliokuwa bado wanasubiri zamu yao, ilikuwa mbaya zaidi. Nia ya waandaaji ilikuwa njema. Lakini ligi ina kushinda na kushindwa, ina kuachwa benchi, ina kuzomewa, na moyo uliokwisha kuumia haukosi kuyahesabu hayo pia. Wewe una vipimo vya kutosha kwenye maisha yako. Usitafute kombe, wala jezi, wala kocha wa kukufokea.

Saa ngapi, unauliza. Hapa nina habari njema kuliko unavyotarajia. Huko Norway watu wazima 33,908 walifuatwa kwa miaka 11, na walioonekana kukingwa na sonona hawakuwa wakimbiaji wa kila siku. Saa moja tu kwa wiki ilitosha kuleta sehemu kubwa ya kinga hiyo, na haikujalisha kama mtu alitokwa na jasho jingi au alitembea taratibu. Watafiti walikadiria kwamba kama kila mtu angepata walau saa hiyo moja, asilimia 12 ya wagonjwa wapya wa sonona wasingeugua. Ni saa moja kati ya saa 168 za wiki yako.

Mimi ningeichukua saa hiyo Jumapili, mkishatoka kanisani, kabla ya shamba. Mihogo haikimbii. Bila shaka una wenzako wa nigiina mnaozungushiana akiba. Waambie wawili kwanza, wale unaowaamini, usiwaambie wote kwa pamoja maana atatokea wa kucheka. Kwa wiki tatu za mwanzo msishike mpira. Tembeeni tu, mikono mitupu, bila beseni, bila ngata, kwa mwendo ambao mnaweza kuzungumza lakini hamwezi kuimba. Nakuuliza kwa upole: mara ya mwisho kutembea bila kubeba kitu na bila kutumwa na mtu ilikuwa lini? Utaona shingo yako mwanzoni haijui la kufanya. Baada ya hapo mwombeni mwalimu mkuu wa ile shule ruhusa ya uwanja, mchangie mpira mmoja. Timu ni watu saba kila upande, lakini hata wanne wanaweza kusimama duara na kurushiana, na wewe mfungaji wa zamani unaweza kusimama chini ya ringi ukapiga peke yako mpaka mkono ukumbuke. Vaeni viatu bapa, msikimbilie kuruka. Goti la miaka 47 si la miaka 16.

Kuhusu baba watoto, mwonyeshe kwanza ile namba, 152 kwa 96, umwambie kwamba hiyo ni presha ya mtu ambaye nyumba nzima inamtegemea. Usimwendee na habari za watafiti wa Denmark. Na kama bado atataja aibu, mkumbushe kwamba kila Machi 8, Siku ya Wanawake, wengi wetu tumewaona akina mama wakikimbilia mpira hadharani, wengine wakiwa ndani ya gomesi, lile vazi letu refu la heshima, wanaume wamesimama pembeni wanashangilia. Jambo lisilo aibu Machi 8 haliwezi kugeuka aibu Machi 9. Timu yetu ya taifa ya netiboli, She Cranes, ilishika nafasi ya tano duniani huko Cape Town mwaka 2023, na nchi nzima iliwapongeza. Mwalike aje kutazama. Wanaume wengi wanaopinga jambo wasiloliona hunyamaza wakishaliona.

Punguza pia uzito wa asubuhi, hata kidogo. Hapo Busia wapo ndugu zetu wenye ulemavu wanaovusha na kusafirisha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Shirikianeni wawili au watatu, mlipe safari moja badala ya kila mmoja kuvunja shingo yake. Ukilazimika kubeba, ligawe gunia, na usibane pumzi wakati wa kuliinua. Itoe polepole unaposimama.

Nakurudisha pia kwenye kituo cha afya, hata kama ulitoka ukilia. Presha ya 152 kwa 96 haithibitishwi kwa kipimo cha siku moja, kwa hiyo ipimwe tena siku nyingine mbili, ukiwa umekaa kimya dakika tano na hujabeba kitu. Kujishughulisha kwa hiari huweza kuishusha ile namba ya juu kwa pointi 5 hadi 8, ambazo si haba, lakini ukipewa dawa uzimeze, usiziache kwa sababu umeanza netiboli. Ikizidi 180 kwa 110, usicheze wala usibebe, nenda hospitali. Vivyo hivyo ukisikia kifua kinabana, pumzi inakatika, au upande mmoja wa mwili unalegea.

Kuhusu ule uzito wa moyo, nao una namna ya kuzungumzwa. Katika Kiganda watu wana maneno kama okwekyawa, mtu kujichukia, na okwekubazida, kujisikitikia mpaka kupoteza nguvu, na watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya Masaka na Rakai waliyachukua maneno hayo hayo ya wenyeji kuanzia hapo. Wanawake walikutana na wanawake wenzao, wanaume na wanaume wenzao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakizungumzia msiba, ugomvi, na mabadiliko ya maisha, wakiongozwa na mtu wa eneo lao aliyefunzwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na nafuu waliyoipata ilikuwa kubwa ukiwalinganisha na vijiji ambavyo havikupata vikundi hivyo. Kwa hiyo mkimaliza kutembea, msikimbilie kuachana. Kaeni chini ya mti dakika kumi, na mmoja wenu aseme wiki yake ilivyokuwa, wengine wasikilize tu. Na ikitokea siku unawaza kwamba afadhali usingekuwapo, au unaona watoto watakuwa salama zaidi bila wewe, usingoje Jumapili. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, na uende kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa. Mbale wanacho, Jinja wanacho, na Butabika pale Kampala ndiyo hospitali kuu ya taifa ya afya ya akili. Hutakuwa wa kwanza kuingia pale ukitokea sokoni.

Daftari lako la madeni lina ukurasa wa nyuma mtupu, sina shaka. Andika pale tarehe ya Jumapili ya kwanza na presha ya wiki hiyo, na mstari mmoja kuhusu ulivyolala. Fanya hivyo kwa Jumapili nane, kisha uniandikie, uniambie pia kama mkono bado unaifahamu ile ringi.

Mama Mshauri